Tusimsingizie mbwamwitu, tuitazame nafsi

NDUGU msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu waliobaki barazani kwenye msikiti wa mtaani kwetu baada ya swala ya Isha, kusikiliza shauri la mke na mume. Mume alikuwa amempiga mkewe mpaka akamvunja mkono. Alipopewa nafasi ya kujieleza, kijana yule aliinamisha kichwa akasema: "Shehe, wallahi sikuwa mimi. Nikipandwa na hasira nageuka mtu mwingine kabisa, nakuwa mnyama. Ni shetani tu alinipitia."

Baadhi yetu tulitikisa vichwa kwa huruma. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akamuuliza: "Mwanangu, unafanya kazi wapi?" Akajibu kuwa anauza dukani kwa mtu. "Na tajiri yako hajawahi kukuudhi?" Kijana akasema: "Ananiudhi sana mzee, tena mbele ya wateja." Mzee akamwuliza tena: "Umeshampiga mara ngapi?" Kijana akanyamaza. Mzee akasema: "Basi huyo mnyama wako ana akili sana. Anamjua wa kumng'ata na wa kumwachia."

Maneno ya mzee yule yalinirudia hivi karibuni nilipowakuta vijana wangu sebuleni wakitazama filamu ya mtu anayegeuka mbwamwitu kila mwezi unapokuwa mpevu. Anaota manyoya na makucha, anararua watu usiku kucha, kisha asubuhi anaamka akiwa mtu mwema asiyekumbuka lolote. Vijana walikuwa wanamwonea huruma. Nikajiuliza: tunayemwonea huruma hapa ni nani? Na wale walioraruliwa, nani anawalilia?

Nikaona si vibaya tukaitazama hadithi hii kwa makini, maana ingawa ni ya Wazungu, ndani yake kuna swali linalomhusu kila mmoja wetu. Swali lenyewe ni hili: mtu anapofanya unyama, mwenye kosa ni nani?

Hadithi ilikoanzia

Kwanza tuelewane. Mbwamwitu tunayemzungumzia hapa si yule mwenye mabakamabaka anayewinda katika mbuga zetu. Ni yule wa Ulaya na Bara Arabu, anayeitwa dhi'b kwa Kiarabu. Huko Ulaya ndiye aliyekuwa tishio la wachungaji, kama fisi na simba walivyo kwetu.

Hadithi ya mtu kugeuka mbwamwitu ni kongwe. Mshairi wa Kirumi Ovid, aliyeishi zama za kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), alisimulia habari za Lycaon, mfalme wa Arcadia katika nchi ya Wayunani. Mfalme huyo alimwandalia mungu wao mkuu chakula cha nyama ya binadamu ili kumjaribu, naye akaadhibiwa kwa kugeuzwa mbwamwitu. Zingatia mpangilio wa kisa hicho. Lycaon hakuwa katili kwa sababu aligeuzwa mnyama. Alitangulia kuwa katili, ndipo umbo likafuata moyo.

Karne nyingi baadaye, hadithi hiyo iliingia mahakamani. Mwaka 1589, karibu na mji wa Bedburg katika nchi ya Ujerumani, alikamatwa mkulima mmoja aliyejulikana kwa jina la Peter Stumpp. Eneo hilo lilikuwa limetoka katika vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, na lilikuwa limejaa askari, njaa na maiti. Watu na mifugo walikuwa wameuawa, na watu wakasema kuna mbwamwitu asiye wa kawaida. Stumpp alipotishiwa mateso alikiri mambo chungu nzima: kwamba shetani alimpa mkanda ambao akiuvaa anageuka mbwamwitu, na kwamba ameua watoto kumi na wanne pamoja na wajawazito wawili. Wakatumwa watu kuutafuta mkanda huo alikosema ameuacha, wasiuone. Badala ya kutia shaka maneno ya mtu aliyetishwa, wakasema shetani ameuchukua mkanda wake. Oktoba mwaka huo Stumpp aliuawa hadharani kwa ukatili ambao kalamu inaona haya kuueleza.

Ndugu msomaji, hebu jiulize: siku ile pale Bedburg, unyama ulikuwa upande gani? Kama Stumpp aliua kweli, aliua kwa mikono ya binadamu. Kama hakuua, basi waliomuua ndio walioua asiye na hatia. Kwa vyovyote vile, mbwamwitu hakuwepo.

Miaka michache tu baadaye kulitokea kesi nyingine iliyokwenda tofauti. Mwaka 1603 kusini magharibi mwa Ufaransa, mvulana mchungaji aitwaye Jean Grenier, wa umri wa miaka kama kumi na mitatu au kumi na minne, alianza kujisifu kwa wasichana kuwa yeye hugeuka mbwamwitu na kula watoto. Mahakama ya chini ilimhukumu kifo. Lakini majaji wa mahakama kuu ya Bordeaux walipomtazama waliona mtoto aliyetupwa na walimwengu, dhaifu wa akili, asiyejua hata mambo ambayo mtoto mdogo anayajua. Wakaamuru asiuawe, apelekwe akatunzwe na watawa. Kumbe hata katika zama hizo, mtu aliyetaka kutazama aliweza kuona.

Waganga wetu walivyosema

Katika hili Waislamu tunayo ya kujivunia, lakini si kwa kujigamba, bali kwa kuzingatia. Karibu miaka mia sita kabla ya kesi hizo za Ulaya, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake mashuhuri cha tiba, al-Qanun, juu ya maradhi yanayoitwa qutrub. Qutrub ni jina la kijidudu kinachokimbia ovyo juu ya maji bila kutulia. Alieleza kwamba mwenye maradhi hayo hujificha watu mchana na kutoka usiku, huzurura makaburini, rangi yake hupauka, na miguu yake huwa na vidonda kwa kujikwaa gizani. Madaktari wa Kiyunani kabla yake walikuwa wameieleza hali hiyo, na walimwita mgonjwa huyo kwa jina lenye maana ya mtu-mbwamwitu.

Ibn Sina hakuagiza achomwe moto. Aliyaweka maradhi hayo katika mlango wa maradhi ya kichwa, jirani na huzuni kuu, kisha akaeleza namna ya kumtibu mgonjwa. Utabibu wa leo unakubaliana naye kwenye msingi wa jambo. Mwaka 1988 madaktari wa hospitali moja ya maradhi ya akili huko Massachusetts, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa kumi na wawili waliowapokea kwa muda wa miaka kumi na miwili, ambao walijiona wamekuwa wanyama. Walikuwa ni wagonjwa wa akili wa aina mbalimbali.

Kwa mtu wa namna hii, sheria yetu iko wazi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mwendawazimu mpaka akili zimrejee. Mgonjwa anatibiwa, halaumiwi. Kwa hiyo ninayoyasema katika makala haya hayamhusu mgonjwa. Yanamhusu mzima anayejifunika ngozi ya mgonjwa.

Kutoka mhalifu hadi mhanga

Zama za karibuni, mtu-mbwamwitu alitoka mahakamani akaingia katika vitabu na filamu, na huko akabadilishwa tabia. Mwaka 1886 mwandishi wa Scotland, Robert Louis Stevenson, alitoa kisa cha Daktari Jekyll, mtu mwenye heshima zake, anayebuni dawa ya kumgeuza kuwa Hyde, mtu muovu. Wengi hudhani Jekyll alipatwa na ajali. Hapana. Daktari huyo alitaka mwenyewe. Alitaka kuitenga nafsi yake ovu na nafsi yake njema, ili ile ovu ifanye itakalo na hii njema ilale usingizi bila kusutwa. Mwisho wake hakuweza tena kumzuia Hyde asije bila kuitwa.

Kisha mwaka 1941 ikatoka filamu ya The Wolf Man huko Marekani. Mwandishi wake, Curt Siodmak, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Mengi ambayo vijana wetu wanadhani ni ya tangu enzi, kama vile mtu-mbwamwitu kuuawa kwa fedha, yalienezwa na filamu hiyo. Na humo mhusika ni mtu mwema ambaye aling'atwa tu. Hakuvaa mkanda wa shetani wala hakunywa dawa. Ni mhanga.

Angalia safari hiyo ndugu msomaji. Lycaon aliadhibiwa kwa uovu wake. Stumpp alisemwa kuwa alikubaliana na shetani. Jekyll alijichanganyia dawa kwa mkono wake. Huyu wa filamu yeye aling'atwa, hana lake. Kadiri hadithi ilivyosogea kwetu, ndivyo lawama ilivyomtoka mtendaji. Na hii ndiyo lugha ya zama zetu: nimelelewa hivyo, hasira zangu ndivyo zilivyo, nilikuwa nimelewa, damu ilinichemka.

Wataalamu wa nafsi wa Ulaya nao wamelitazama jambo hili. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1930, alirejea msemo wa kale wa Kilatini kwamba mtu ni mbwamwitu kwa mtu mwenzake, akitaka kuonyesha kuwa ukali umo ndani ya binadamu na ustaarabu kazi yake ni kuufunga kamba. Mwanafunzi wake wa zamani, Carl Jung, alizungumzia kile alichokiita kivuli, yaani yale mambo ya mtu ambayo yeye mwenyewe hataki kuyakubali kuwa ni yake. Kwa mujibu wa Jung, asiyekikubali kivuli chake humtupia mwingine. Kwa maneno mengine, mbwamwitu wa hadithi ni binadamu anayejitazama kwenye kioo na kukataa kujijua.

Waswahili tulilisema hilo kwa ufupi zaidi: adui wa mtu ni mtu. Hatukumtia mnyama ndani yake. Maana mbwamwitu halisi, kwa mujibu wa wanaomchunguza, ni nadra kumshambulia binadamu. Anawinda kwa njaa, anaishi na jamaa zake, anawalisha watoto wake, akishiba analala. Mbwamwitu hajengi kambi za mauaji, wala haandiki orodha ya majina ya watakaouawa kesho. Walioyafanya hayo Ujerumani ni watu wenye vyeti na ofisi, na kiongozi wao Hitler alipenda kujiita Mbwamwitu.

Nasi tusicheke. Katikati ya miaka ya 1940, wakati wa ukoloni wa Waingereza, watu waliuawa Singida na ikadhaniwa ni simba. Uchunguzi ukaonyesha kuwa wengine waliuawa na binadamu wenzao, huku majeraha yakifanywa yafanane na ya makucha, na baadhi ya watu wakatiwa hatiani na kunyongwa. Karibu na wakati huohuo huko Njombe mambo yakawa kinyume. Simba wa kweli walikuwa wakila watu, na wananchi wakaamini kuwa wametumwa na mchawi, mpaka bwana nyama George Rushby na wasaidizi wake walipowawinda simba hao na mauaji yakakoma. Kule mtu alijificha nyuma ya simba, na huku simba akafichwa nyuma ya mtu. Pande zote mbili ukweli ulichelewa, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni waliokufa.

Kanzu yenye damu ya uongo

Sasa turejee katika Qur'an, maana humo mna kisa cha mbwamwitu kinachoyakusanya yote haya. Ni katika Sura Yusuf.

Nabii Yaaqub (a.s.) aliwaambia wanawe kuwa anahofia mbwamwitu asije akamla Yusuf wakati wao wameghafilika (aya ya 13). Wanawe wakaokota neno hilohilo kutoka kinywani mwa baba yao wakalifanya kisingizio. Walimtupa ndugu yao kisimani, wakarudi usiku wakilia, wakasema mbwamwitu amemla. Wakaleta na kanzu yenye damu ya uongo (aya ya 16 hadi 18).

Yaaqub hakwenda msituni kumsaka mbwamwitu. Aliwajibu kuwa bali ni nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo hilo. Zingatieni hapo. Walimtajia mnyama, yeye akawatajia nafsi. Na katika sura hiyohiyo, aya ya 53, tunaambiwa kwamba nafsi ni mno kuamrisha maovu, isipokuwa ile aliyoirehemu Mola.

Basi mbwamwitu wa Yusuf ndiye mbwamwitu wa Bedburg, na ndiye mnyama wa yule kijana wa barazani. Hakuwepo. Kilichokuwepo ni wivu, hasira na matamanio ya watu wazima wenye akili zao, pamoja na kanzu iliyopakwa damu ili isomeke vinginevyo.

Labda mtu atasema: lakini shetani je, si yupo? Yupo, na ni adui wa dhahiri. Lakini katika Sura Ibrahim aya ya 22 tunaelezwa atakavyojitetea Siku ya Kiyama. Atawaambia waliomfuata kuwa yeye hakuwa na mamlaka juu yao, aliwaita tu nao wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Tazama aibu hiyo. Kisingizio tunachokitumia duniani, mwenyewe tunayemsingizia atatukana nacho akhera.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa ndani ya ngozi ya kila mtu ni kama wamo nguruwe, mbwa, shetani na mwenye hekima. Nguruwe ni matamanio na mbwa ni hasira. Lakini Ghazali hakusema mbwa huyo auawe. Ametoa mfano wa mwindaji: akili ndiye mpanda farasi, matamanio ni farasi wake, na hasira ni mbwa wake wa kuwindia. Mbwa aliyefunzwa anakwenda anapotumwa na anarudi anapoitwa. Asiyefunzwa humrarua hata bwana wake. Bila hasira mtu hawezi kumtetea aliyedhulumiwa. Ila hasira iwe na kamba, na kamba iwe mkononi mwa mwenye hekima.

Na kamba hiyo inashikika. Yule kijana alishaishika mara nyingi dukani kwa tajiri yake. Kila siku alimfunga mbwa wake saa mbili asubuhi, na jioni akamfungulia mlangoni kwake, pale alipojua hakuna wa kumlipiza. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Angekuwa mtu hugeuka kweli asiweze kujizuia, maneno hayo yasingekuwa na maana, na toba nayo isingekuwa na maana. Nani atatubia dhambi ya mbwamwitu?

Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Wengi tunadhani kisingizio kinatuokoa na lawama. Kumbe kinatufungia mlango wa kurudi. Anayesema "sikuwa mimi" hana cha kutubia, na asiye na cha kutubia kesho atarudia, naye mkewe analijua hilo hata kama sisi wa barazani tunatikisa vichwa kwa huruma.

Tazama namna kisa cha Yusuf kilivyomalizika. Ndugu zake walipobainikiwa mbele yake, hawakumtaja tena mbwamwitu. Walikiri kuwa wao ndio waliokuwa wenye makosa (aya ya 91), na wakamwomba baba yao awaombee msamaha kwa kuwa walikuwa wakosefu (aya ya 97). Kisha katika aya ya 100 kuna jambo la ajabu. Aliyemtaja shetani kuwa ndiye aliyechochea ugomvi baina yao ni Yusuf mwenyewe, aliyedhulumiwa. Wakosaji wakasema: ni sisi. Aliyekosewa, kwa ukarimu wake, akasema: ni shetani. Hiyo ndiyo adabu. Udhuru wa shetani ni zawadi ambayo aliyeumizwa anaweza kuitoa akipenda. Aliyeumiza hana haki ya kuidai.

Yule kijana siku ile hatimaye aliinua kichwa. Hakumtazama shehe, wala hakumtazama mzee aliyemuuliza. Alimtazama mkewe aliyekaa kwa mbali, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akasema kwa sauti ndogo: "Ni mimi." Yule mama hakujibu kitu. Shauri halikwisha usiku ule, na haki yake alikuwa nayo palepale. Lakini wale tuliokuwepo tulijua kwamba sasa ndipo limeanza.

Wabillahi tawfiq.